Uongo wa Aibu, Uongo wa Damu: Kisa cha Henry Hearst mbele ya polisi

Mkanda wenyewe si mpya. Unaitwa Under Suspicion, ulitoka mwaka 2000, muongozaji wake ni Stephen Hopkins, na ndani yake wamekabiliana wakongwe wawili, Gene Hackman na Morgan Freeman. Mtoto wa dada yangu aliuleta nyumbani kwetu Wete ndani ya flashi, usiku mmoja baada ya Isha, akaufungua kwenye kompyuta yake juu ya meza ya chakula. Tulikuwa watu saba: mke wangu, shangazi yake, vijana watatu, jirani yetu mstaafu ambaye kwa miaka mingi alikuwa askari kanzu, na mimi niliyefanya kazi ya ukarani wa mahakama hapa Pemba, nikiandika kwa mkono maneno ya mashahidi hata kidole cha kati kikaota sugu ambayo haijaondoka mpaka leo.

Nitakieleza kisa hiki mpaka mwisho wake, maana bila ya mwisho hakuna cha kuchambua. Asiyeuona mkanda na anataka kuuona kwanza, asimame hapa.

Henry Hearst ni mwanasheria wa mambo ya kodi katika mji wa San Juan, Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani. Ni tajiri, anaheshimiwa, ana mke mzuri aliye mdogo kwake kwa miaka mingi. Mji umo katika sikukuu, ngoma na watu wamejaa njiani. Jioni hiyo Henry anatakiwa kuhutubia hafla ya kuwachangia walioathiriwa na kimbunga. Siku moja nyuma yeye ndiye aliyewaarifu polisi kwamba amekuta maiti ya msichana mdogo aliyebakwa na kuuawa, na huyo ni msichana wa pili kuuawa. Kepteni Victor Benezet, anayejuana naye kwa miaka, anamwita kituoni aje mara moja. Kuna mambo madogo katika maelezo yake hayajakaa sawa. Dakika kumi tu. Dakika kumi zile zinakula usiku mzima, na kabla usiku haujesha Henry ameungama mauaji ambayo hakuyafanya.

Kisa hiki kina ukoo. Alianza John Wainwright, Mwingereza aliyewahi kuwa polisi mwenyewe, kwa riwaya aliyoiita Brainwash mwaka 1979. Mfaransa Claude Miller akaigeuza filamu mwaka 1981, Garde à vue, Lino Ventura akiwa mpelelezi na Michel Serrault akiwa mtuhumiwa, na Serrault akatunukiwa César, tuzo ya filamu ya Ufaransa, ya mwigizaji bora. Jina la filamu ile ni jina la hali ya kisheria ya Ufaransa, mtu kuwekwa chini ya ulinzi wa polisi kwa mahojiano, na wakati ule mtu huyo hakuwa na wakili wa kukaa naye wakati anahojiwa. Haki hiyo Wafaransa waliipata kwa sheria ya mwaka 2011, miaka 30 baada ya filamu. Nayataja haya kwa sababu jirani yangu alisema mwanzoni, "Hayo mambo ya Wamarekani." Si ya Wamarekani peke yao. Kimeandikwa Uingereza, kikachezwa Ufaransa, kikahamia Karibiani, na kila kilipotua kimepata chumba chake, meza yake na viti vyake vitatu.

Nianze na zile dakika kumi. Ukiangalia vizuri, Henry ameshapotea kabla hajakaa kitini. Halikuja gari kumchukua, hakutiwa pingu. Aliitwa na mtu anayemjua, akaenda kwa miguu yake na suti yake ya hafla. Puerto Rico inafuata sheria za Marekani, na huko, tangu hukumu ya Miranda dhidi ya Arizona ya mwaka 1966, polisi hawezi kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi bila ya kumwambia kwamba ana haki ya kunyamaza na haki ya wakili. Uzito wote uko katika maneno "chini ya ulinzi". Aliyekuja mwenyewe kwa dakika kumi ni mgeni. Mgeni hupewa kiti na maji, hasomewi haki. Na mstari baina ya mgeni na mahabusu haukuchorwa sakafuni. Henry anauvuka, na mimi niliyeuangalia mkanda mara mbili siwezi kukuonesha ni wapi hasa aliuvuka.

Vijana walishangaa kweli. Mwanasheria mzima, mbona hadai wakili? Mmoja akasema hiyo ndiyo kasoro ya hadithi, imetungwa vibaya. Nilimpinga, na bado nampinga. Mtaalamu wa saikolojia wa Marekani Saul Kassin, aliyezitumia kesi za namna hii kama shamba lake la kulima, alifanya jaribio na mwenzake mwaka 2004. Walichukua watu, baadhi wameambiwa waibe pesa kwenye chumba kitupu na baadhi waingie tu bila ya kuiba, kisha wote wakakabiliwa na mpelelezi na kuulizwa kama watazishika haki zao au wataziacha wazungumze. Walioiba, 36 kati ya kila 100 waliziacha. Ambao hawakuiba, 81 kati ya kila 100. Asiye na hatia ndiye anayezungumza, kwa sababu anaamini ukweli ni ngao. Huwaza: nina nini cha kuficha? Henry naye aliingia na imani hiyo, na akasahau kwamba alikuwa na mengi ya kuficha, ila si mauaji.

Hapo ndipo kisa kinapokuwa kizito.

Benezet anamhoji kwa utulivu, karibu kwa upole. Pembeni yuko mpelelezi kijana, Owens, ambaye Thomas Jane amemcheza kama moto wa makuti. Henry anaeleza jioni ya siku ile. Saa haziungani. Anaulizwa, anarekebisha. Habari ya mbwa wa jirani aliyesema alikuwa anakimbia naye haikai sawa, anarekebisha tena. Kila akirekebisha, chini yake kunatoka kitu kingine, na kila kinachotoka ni cha kumtia aibu. Kwamba huenda kwa malaya, tena huwapenda wenye sura za kitoto. Kwamba yeye na mkewe hawalali chumba kimoja, baina yao kuna ukumbi mrefu ambao yeye haruhusiwi kuuvuka. Hata nywele zake si zake, zinavuka mbele ya wanaume wawili wanaomchukia na kioo kinachomtazama. Hesabu uongo wote aliousema Henry usiku ule, mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja uliosemwa kuficha damu. Wote ulisemwa kujisitiri.

Mpelelezi hapewi alama ya kumtofautishia. Anachokiona yeye ni mtu anayebadilisha maneno, jasho linamtoka, macho yanakimbia. Uongo wa aibu na uongo wa damu una sura moja, jasho moja, kigugumizi kimoja. Sisi wa visiwani tungepaswa kulijua hili kuliko watu wengi, kwa sababu tumelelewa katika stara. Mtoto hapa hufundishwa kabla ya kwenda chuoni kwamba la nyumbani halitoki barazani. Mtu ataapa hajakopa na huku anadaiwa mji mzima. Mwanamke atasema ameanguka kisimani. Mzee atasema mwanawe yuko Dubai kikazi na huku yuko Chuo cha Mafunzo Kilimani, yaani gerezani. Hatuwaiti hao wahalifu, na wengi wao tunawasaidia kuficha. Lakini mtu huyo huyo akikaa mbele ya polisi kwa jambo jingine kabisa, na ule uongo wake wa stara ukafumuka, sisi sisi ndio wa kwanza kusema: kama kadanganya hili, hata lile kalifanya.

Nikisema sisi, nasema na nafsi yangu. Mkanda ulipofika pale polisi wanapopekua nyumba na kutoka na picha za wale wasichana waliouawa, picha alizozipiga Henry mwenyewe, nilimwambia kijana asimamishe. Nikamuuliza kila mtu: kafanya au hakufanya? Jirani yangu hakungoja niishe kuuliza. "Mtu asiye na jambo hasemi uongo mara tatu." Vijana wote watatu walikuwa upande wake. Mke wangu alisita kidogo kwa ajili ya uso wa Hackman, kisha naye akasema kafanya. Na mimi, niseme kweli, moyoni nilikuwa pamoja nao, mimi niliyezisikia kesi maisha yangu yote.

Aliyebaki ni shangazi. Kiingereza hajui, kijana alikuwa akimtafsiria mstari mmoja na kuacha miwili. Alikuwa akiangalia nyuso. Akasema, "Huyu anamjibu mkewe. Polisi hajamjibu bado."

Nimelichukua neno lile na kuuangalia mkanda upya kwa macho yake, na naamini ndilo neno lililokifungua kisa. Mke wa Henry, Chantal, aliyechezwa na Monica Bellucci, yumo kituoni usiku ule ule, katika chumba kingine. Miaka ya nyuma alimuona mumewe akizungumza na mtoto wa dada yake, msichana anayeitwa Camille, mazungumzo ambayo yeye aliyaona si ya baba mdogo na mtoto. Tokea siku hiyo akafunga mlango wa chumba chake. Hakumuuliza, hakumshitaki, hakumwambia mtu. Alifunga tu. Ndoa yao ikaendelea kuvaa nguo nzuri na kwenda kwenye hafla. Kwa hiyo mashitaka aliyoyakuta Henry pale kituoni hayakuwa mapya kwake. Alikuwa ameshahukumiwa ndani ya nyumba yake kwa kosa la aina ile ile, na hakimu akiwa ndiye mtu pekee anayempenda. Owens alimpigia kelele, Henry akavumilia. Benezet alimzungushia maswali, akavumilia. Lakini alipojua kwamba aliyewaruhusu polisi kupekua nyumba ni Chantal, akakatika. Hakusukumwa na ushahidi wa picha. Alichokisoma katika ule ufunguo uliotolewa ni kwamba mke wangu anaamini nimeua watoto. Baada ya hapo hakukuwa na wa kumkania. Akasema wanachotaka kusikia.

Kassin na Lawrence Wrightsman, mwaka 1985, waliyagawa maungamo ya uongo katika mafungu matatu. Kuna anayejitokeza mwenyewe kuungama asilolifanya. Kuna anayekubali ili akitoke kile chumba, huku moyoni akijua hakufanya. Na kuna anayehojiwa mpaka mwenyewe akaanza kuamini huenda alifanya. Nimejaribu kumuweka Henry katika fungu la pili na hakai vizuri, maana hakuungama ili aende nyumbani. Nyumbani kwenyewe ndiko kulikokuwa kumemshinda. Kuungama kwake kunafanana zaidi na mtu anayetoa talaka.

Kuna jambo moja la ufundi wa filamu ambalo nisingelisema kama si ile kazi yangu ya ukarani. Henry anapoeleza, tunaoneshwa yale anayoyaeleza, kichochoro, msichana, usiku. Na Benezet yumo ndani yake. Amesimama palepale katika kumbukumbu ya mtu mwingine, anatembea pembeni yake, anamuuliza maswali ndani ya siku ambayo yeye hakuwepo. Vijana walisema ni mbwembwe za kamera. Mimi mwili ulinisisimka, kwa sababu hivyo ndivyo maelezo ya onyo yanavyoandikwa. Mtuhumiwa anasema, polisi anaandika, na anaandika kwa "mimi". Nimeyasoma maelezo ya wavuvi wasiojua kusoma, yana dole gumba chini, na juu yameanza: "Mnamo majira ya saa mbili usiku niliondoka nyumbani kwangu kuelekea ufukweni." Mvuvi wa Pemba hajawahi kukwambia "mnamo majira". Atakwambia baada ya Isha, atakwambia maji yalikuwa yanatoka. Sisemi polisi wale walidanganya, wengi wao walikuwa wakiandika kama walivyofundishwa. Nasema ndani ya ile "mimi" kulikuwa na watu wawili, na anayesoma mahakamani humuona mmoja tu. Hopkins amemuonesha wa pili, amesimama kumbukumbuni na koti lake.

Jirani yangu hapa aliniwekea hoja ya haki, na siwezi kuipita. Alisema: "Bwana Karani, ungamo si maneno matupu. Mtu akiungama hutaja vitu." Kweli. Ungamo la kuaminika lina kitu ambacho muuaji anakijua na mpelelezi alikuwa hajakijua bado. Akikwambia kisu nimekitupa kwenye mkoko fulani, ukenda ukakikuta, hapo una neno. Lakini Henry ndiye aliyeikuta maiti. Mahali alipajua, msichana alimjua, picha alizipiga yeye. Mengine yote alishaulizwa usiku kucha, na kila swali la mpelelezi hubeba habari ndani yake kama kikapu. Nilikaa na karatasi mara ya pili nikitafuta neno moja katika ungamo lile ambalo Benezet alikuwa hana. Sikulipata.

Na hili si la sinema tu. New York, Aprili 1989, mwanamke aliyekuwa akikimbia katika bustani ya Central Park alishambuliwa na kubakwa. Vijana watano, wa miaka 14 hadi 16, wakahukumiwa mwaka 1990, na nguzo ya kesi ilikuwa maungamo, mengine yakiwa yamerekodiwa kwa video. Watu waliona vijana wakisema kwa midomo yao. Kilichokuwa hakimo ndani ya video ni saa nyingi za kuhojiwa zilizotangulia. Mwaka 2002 mtu mwingine aliyekuwa gerezani alisema alifanya peke yake, vipimo vya vinasaba vikamthibitisha, na hukumu za wale watano zikafutwa. Waliingia watoto, wakatoka watu wazima. Waingereza nao walikuwa na watu wanne wa Guildford, waliofungwa mwaka 1975 katika kesi ya mabomu kwa nguvu ya maungamo na kuachiwa mwaka 1989, na aibu ya kesi kama hizo ndiyo iliyowafanya, mnamo mwaka 1992, kuwabadilishia polisi wao mafunzo ya kuhoji. Lengo likawa kukusanya habari badala ya kumtoa mtu ungamo, na mpelelezi asimdanganye mtuhumiwa kuhusu ushahidi. Marekani bado mpelelezi anaweza kumdanganya. Mahakama yao ya Juu iliipitisha kesi ya namna hiyo mwaka 1969, Frazier dhidi ya Cupp, ambamo mtuhumiwa aliambiwa mwenzake ameshaungama na hakuwa ameungama.

Kwetu ikoje? Polisi ni jambo la Muungano, lakini kesi za jinai za Unguja na Pemba zinakwenda kwa sheria za Zanzibar, Sheria ya Mwenendo wa Jinai Na. 7 ya 2018 na Sheria ya Ushahidi Na. 9 ya 2016, na juu yake Katiba ya Zanzibar ya 1984 inayokataza mtu kutendewa kama mkosa kabla hajathibitishwa. Ungamo likiletwa na mshitakiwa akalikana, mahakama husimamisha kesi kubwa na kufungua kesi ndani ya kesi, suala likiwa moja tu: maneno haya yalitoka kwa hiari? Nimekaa katika kesi hizo nyingi. Huwa ni mchana wa kiza. Polisi anasema alimuonya, alimpa maji, alimsomea. Mshitakiwa anasema alichoka. Hakuna video, hakuna wa tatu. Mimi naandika wote wawili kwa wino mmoja.

Hata likipita hapo, bado. Mwaka 1967 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki katika kesi ya Tuwamoi dhidi ya Uganda iliweka neno ambalo mawakili wetu wanalijua kwa moyo: ungamo lililokanwa lichukuliwe kwa tahadhari, na mahakama isilitegemee mpaka iridhike, kwa kuangalia mazingira yote, kwamba ni la kweli. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ambayo rufaa za jinai za Zanzibar huishia kwake, imelifuata neno hilo kwa miongo. Ninachokipenda humo ni kwamba maswali ni mawili, si moja. Je, lilitoka kwa hiari? Na je, ni kweli? Henry Hearst angepita swali la kwanza. Mwisho wa usiku hakupigwa, hakutishwa, alisema mwenyewe kwa sauti ndogo. Ni swali la pili ndilo lingemuokoa, na swali la pili linataka hakimu mwenye subira na mafaili machache mezani.

Shangazi hakuzijua kesi hizo. Yeye alikumbusha hadithi ya Maiz, aliyemwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akakiri kuzini na kutaka asafishwe. Mtume akageuza uso. Akamjia upande wa pili, akageuza tena. Mara nne. Akauliza: ana wazimu? Amelewa? Labda ulibusu tu? Niliiweka sawa kidogo, kwamba ile ilikuwa haki ya Mwenyezi Mungu, na mauaji yana haki ya mja ndani yake, na fiqhi haiyaendeshi mawili hayo kwa njia moja. Alikubali. Lakini picha haikunitoka: mwenye mamlaka anageuza uso, anamtafutia mtu mlango wa kutokea, na mtu mwenyewe ndiye anayemfuata. Chumba cha San Juan kiti kimesogezwa mbele, mlango umefungwa, na kila Henry anapogeuza uso wake yuko mtu wa kuurudisha.

Mwisho wa mkanda unajua ulivyo. Henry anamaliza kuungama, na habari inaingia kwamba muuaji mwenyewe amekamatwa papo kwa papo, kwengine, na polisi wengine. Benezet anabaki na karatasi mkononi. Hapa nina lawama na waliotengeneza filamu. Wameishughulikia aibu ya Benezet na maumivu ya Henry, na hesabu ya kutisha kuliko zote wameiacha ipite. Saa zote zile ambazo wapelelezi wawili bora wa mji walikuwa wamemfungia mtu asiye, aliyeua alikuwa nje, katikati ya sikukuu, mji umejaa watoto. Jirani yangu, ambaye mpaka hapo alikuwa amenyamaza kwa kuudhika, ndiye aliyelisema hilo, na alilisema kwa uchungu wa mtu wa kazi. "Usiku mzima," akasema. "Usiku mzima, na mwenyewe yuko nje."

Chantal anamfuata mumewe nje. Ananyoosha mkono. Henry hautaki. Mke wangu aliona ni ukatili. Mimi sikuona hivyo. Polisi walimwachia kwa habari iliyowafikia, lakini mkewe angemrudishia nini? Ule mlango wa mwisho wa ukumbi haukufungwa na polisi, na habari ya muuaji kukamatwa haimjibu mtu suala la Camille. Filamu yenyewe haimjibu. Tulibishana hapo mpaka karibu na saa saba za usiku, na kila mmoja akaenda kulala na Henry wake.

Mimi sikulala na Henry. Nililala na kijana mmoja wa zamani, msimu wa karafuu, aliyeshitakiwa kwa gunia mbili za karafuu kavu zilizotoweka ghalani usiku. Maelezo yake ya onyo yalisema nimeiba, na dole gumba chini. Mahakamani akayakana. Alisema alichoka akasema ndiyo. Hakimu akamuuliza: basi usiku ule ulikuwa wapi? Akatazama chini. Akaulizwa mara ya pili. Mara ya tatu hakimu alimuuliza taratibu, karibu kama mzazi, maana alitaka kumsaidia, na jibu moja tu lingemtoa pale. Kijana hakufungua mdomo. Ukumbi mzima tulijua kaiba. Nikaandika.

Wiki chache baadaye gunia zikakamatwa kwa mtu mwingine, na mashitaka yakaondolewa. Alikuja dirishani kwangu kuchukua karatasi zake za dhamana. Akazikunja, akazitia mfukoni, akabaki amesimama.

"Karani," akaniambia, "pale nilipoulizwa nikanyamaza, uliandika nini?"

Nikamfungulia kitabu nikamsomea. Mshitakiwa hajibu.

"Hukuandika jina la mtu?"

Nikamwambia hakuna jina.

Akashukuru Mungu, akenda zake.